Safari ya Kutoka Nyambureti Mpaka Chini ya Bahari ya Mafia

Walimu wenzangu wa huku Mara wameniomba mara nyingi niandike habari za safari yangu ya Mafia, nami nimekawia, kwa kuwa kazi ya shule ni nyingi, tena kwa kuwa sehemu ya habari hii yahusu nyumba yetu wenyewe. Sasa naandika.

Nyambureti, kwa wasioijua, ni kata katika Wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, ya mtama na ulezi na muhogo. Maji tuyajuayo sisi ni ya visima na malambo, na ya Mto Grumeti wa wilaya yetu, ambao mamba wake huwangojea nyumbu wakati wa kuvuka. Na mbali, upande wa magharibi, liko Ziwa Nyanza. Mtoto wa kwetu akisoma neno "bahari" kitabuni, hufikiri ni ziwa lile lile lililotiwa chumvi. Mimi mwenyewe nalikuwa nikifundisha hivyo muda wa miaka kumi na mmoja, wala sikuwa nimeiona bahari kwa macho.

Tena nyumbani mwetu maji yalikuwa na neno lake. Kaka yangu mkubwa alikwenda ziwani kuvua sangara, na usiku mmoja upepo ukavuma kwa nguvu, mtumbwi ukapinduka. Watu wawili walirudi; yeye hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Tangu siku hiyo mama yetu hakula samaki tena, na kanisani, ukiimbwa wimbo wenye habari za mashua na dhoruba, alikuwa akiinamisha kichwa mpaka uishe. Hakulia. Wala hakuna mtu aliyethubutu kumwuliza neno.

Basi mwenzangu mmoja, niliyesoma naye chuo cha ualimu, ni mzaliwa wa Mafia. Ni Mwislamu, mtu wa adabu na mkweli. Huyu alifundishwa kuzamia, na wakati wa likizo huwasaidia watu wapigao picha za samaki mkubwa ambaye Wamafia humwita potwe. Akaniandikia kwamba nije mwezi wa Desemba, naye atanikopesha kamera, na nisilete kitu ila macho yangu. Nikamwendea mama, nikamweleza. Alikuwa akichambua mboga, akaendelea kuchambua muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kama ni kwenda, nenda. Lakini ukirudi usinisimulie habari za maji." Nikamwahidi.

Habari za njiani sitazieleza sana, maana mtu aliyepanda basi kutoka Mara mpaka Dar es Salaam amewajua wote waliopanda. Toka Dar es Salaam twalikwenda kusini mpaka Nyamisati, palipo mdomo wa Mto Rufiji, na hapo nikaona mikoko kwa mara ya kwanza: miti isimamayo katika tope na maji ya chumvi, mizizi yake imeinuka juu kama miguu ya buibui. Yasemekana ya kuwa msitu wa mikoko wa Rufiji ndio mkubwa kuliko yote ya pwani hii ya mashariki ya Afrika, nami nasadiki, kwa kuwa twalipita katikati yake mpaka nikachoka kutazama. Kisha maji yakafunguka, chombo kikaanza kupanda na kushuka, nami nikafumba macho yangu hata Kilindoni. Mwenzangu alikuwako gatini. Aliniona uso wangu, akacheka kidogo, akanichukulia mzigo. Watu wa nyumbani kwake walinipokea kama ndugu yao wa tumbo moja. Walinipa chumba, na jioni, wao wakienda kusali, waliniachia taa nipate kusoma Biblia yangu.

Kutoka Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, mpaka Utende, upande wa mashariki, si mbali. Utende hutazama Ghuba ya Chole, na ng'ambo yake viko visiwa vya Chole na Juani na Jibondo. Mahali hapa pote pamo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyowekwa mwaka 1995, nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake katika Tanzania; eneo lake ni kilometa za mraba 822. Ndani ya mipaka hiyo wamo watu pia, vijiji vizima, na neno hili nitalirudia.

Siku tatu za kwanza sikuona samaki hata mmoja. Nalijifunza kupumua. Mtu huvaa miwani yenye kioo kimoja cha kufunika macho na pua, na mgongoni huchukua mtungi wa hewa, na hewa humjia kwa mpira mpaka kinywani. Chombo hiki kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na mabwana wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Kabla yake mzamiaji alifungwa katika vazi zito na kofia ya shaba, naye akisukumiwa hewa na watu walio juu. Kijana wa Chole aliyetufundisha alitupa amri chache, na ile aliyoirudia sana ndiyo hii: usizuie pumzi. Sababu yake ni hii. Kila mita 10 za maji zina uzito sawasawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mtu akiwa mita 10 chini, hewa aliyonayo kifuani imebanwa. Akipanda huku ameizuia, hutanuka, na mapafu yaweza kupasuka. Kwa hiyo hupanda polepole, akipumua daima.

Amri hiyo nalikuwa naijua kwa kichwa, lakini kifua changu hakikuitii. Kila mara uso wangu ulipoingia majini nalimwona kaka yangu. Siku ya kwanza nalitoka mara nne. Kijana yule hakunikemea wala hakuniuliza sababu. Siku ya pili alipiga magoti pamoja nami mahali ambapo maji hayakuzidi kifua, akanishika mikono miwili, tukakaa hivyo chini ya maji, tukipumua tu, hata nikaacha kuhesabu. Nadhani alikwisha kuona wengi wa namna yangu.

Siku ya nne tukashuka mpaka mita 12, karibu na Mlango wa Kinasi, ambapo maji ya bahari kuu huingia na kutoka ghubani. Katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 38, Ayubu aliulizwa kama amepata kwenda chini vilindini. Nami nasema kwa unyenyekevu ya kuwa mita 12 si vilindi, lakini zalinitosha.

Nalidhani matumbawe ni mawe. Sivyo. Ni nyumba zilizojengwa na wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijitengenezea chokaa chini yake. Na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, iwapatiayo sehemu kubwa ya chakula chao kwa nuru ya jua. Kwa hiyo matumbawe hutaka maji meupe yapitishayo mwanga. Kati ya matawi yake nikaona kangaja makundi kwa makundi, na pono akiguguna mwamba kwa meno yake, sauti yake ikasikika kama mbuzi alaye mahindi makavu. Nikaona mkunga ametoa kichwa tundoni akifungua na kufumba kinywa. Nikadhani ananitisha, kumbe ndivyo apumuavyo. Nikaona na samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni toka puani mpaka mkiani, akijilaza katikati ya mnyama aliye kama ua, mwenye vidole vingi viwashavyo. Samaki wengine wakivigusa hufa. Yeye hukaa humo kama kuku kiotani. Mwenzangu aliniambia ya kuwa samaki hawa huzaliwa wote madume, na aliye mkubwa kuliko wote katika nyumba hiyo hugeuka kuwa jike. Nalifikiri ananifanyia mzaha. Nimesoma baadaye, ni kweli.

Sasa kupiga picha. Kazi hii ni ngumu kuliko ionekanavyo, kwa kuwa maji hudanganya mara mbili. Kwanza, kila kitu huonekana kikubwa zaidi na karibu zaidi kuliko kilivyo; nalinyosha mkono kushika kamba ya nanga, nikashika maji. Pili, maji hula rangi. Nyekundu hupotea kwanza, kisha ya chungwa, kisha manjano, hata ibaki buluu. Kidole changu kilikuwa na jeraha dogo, na damu iliyotoka chini kule ilikuwa nyeusi yenye ukijani. Basi mpiga picha hana budi kuchukua taa yake, na kumkaribia samaki sana, ili nuru isisafiri mbali majini. Na samaki hakai akangoja kama watoto wa shule siku ya kupigwa picha.

Watu wamehangaika na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1856 Mwingereza mmoja, William Thompson, aliishusha kamera majini karibu na Weymouth kwa kamba, naye akibaki juu mashuani. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alizama mwenyewe huko Banyuls-sur-Mer na kamera ambayo ndugu yake Auguste alimsaidia kuitengeneza, na kwa kupata picha moja aliweza kungoja hata nusu saa. Picha za kwanza za rangi zilipigwa mwaka 1926 karibu na Florida, Marekani, na mabwana Longley na Martin; wao waliwasha unga wa magnesi juu ya chelezo ili nuru yake ya ghafula ishuke mpaka kwa samaki. Nami nalikuwa na kamera ndogo ndani ya kisanduku cha plastiki, na bado picha zangu ishirini za kwanza zalikuwa mikia tu.

Hapa niungame kosa. Nalimfuata kasa mmoja aliyekuwa akila majani ya bahari, nikisema moyoni, hii ndiyo picha ya kuwapelekea watoto wa Nyambureti. Nikarudi nyuma nipate kumweka sawa, na pezi langu la mpira likapiga tawi la tumbawe, likavunjika kama chaki. Matumbawe ya matawi hukua upesi, kiasi cha sentimeta 10 kwa mwaka, lakini yale ya mviringo, yaliyo kama mawe makubwa, sentimeta moja kwa mwaka ni mengi. La kwangu lilikuwa la matawi, basi nalijifariji kwa hilo. Walakini picha ya yule kasa, iliyo nzuri kuliko zangu zote, siwezi kuitazama bila kusikia mlio ule.

Jioni ile nalikaa ufukoni Utende karibu na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba. Mgeni umetoka bara?" Nikamwonyesha picha. Aliwataja samaki wote kwa majina, na kila mmoja akaongeza utamu wake na bei yake, jambo ambalo hakuna kitabu kiliniambia. Hata tukafika kwenye picha ya mahali palipokuwa kifusi kitupu, vipande vyeupe vimelala chini kama mifupa. Akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Hapa palipigwa baruti," akasema. "Najua, kwa sababu nalikuwako."

Akanieleza ya kuwa katika ujana wake alifuatana na watu wa mbali waliovua kwa baruti. Baruti ikilipuka majini hupasua kibofu cha hewa ndani ya samaki, na wengi huzama chini wasipatikane. Waokotwao ni sehemu tu. "Mwaka wa kwanza tulijaza mashua. Mwaka wa pili tulijaza nusu. Mwaka wa tatu tukatafuta mahali pengine. Mwenzetu mmoja aliupoteza mkono wake." Uvuvi huo umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, lakini uliendelea miaka mingi, na ni juzijuzi tu umepungua sana. Na pale ulipopita, vifusi huchezacheza na mawimbi, matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Si baruti peke yake, maana mwaka 1998, na tena mwaka 2016, maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakaifukuza ile mimea yake midogo, yakawa meupe, na mengi yakafa, Mafia na mahali pengine pengi. Joto hilo mzee hakulileta yeye.

Kisha akaniuliza neno lililoninyamazisha. "Wewe, Mwalimu, unashuka pale, unapiga picha, unakwenda zako. Mimi nikitupa wavu pale pale, nina kosa. Kwenu bara ni vipi?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ya kuwa nasi tuna mipaka: Hifadhi ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti mwaka 1994; na babu zetu walikuwa wawindaji, lakini leo mtu akionekana na nyama ya nyumbu huenda gerezani, na tembo huingia shambani usiku akala mtama wa mjane. Na wageni huja na kamera, nao husifiwa. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe sisi ndugu."

Sikuwa na jawabu zaidi, na mpaka leo sinalo lililo kamili. Ni kweli hifadhi ya Mafia haikuwaondoa watu. Ziko sehemu zilizofungwa kabisa, na ziko sehemu ambazo wenyeji huvua kwa mishipi na madema. Ni kweli pia ya kuwa samaki wakubwa huzaana mahali palipofungwa, na watoto wao hutoka nje ya mipaka. Mzee mwenyewe alikiri hili. Walakini aliyefunga mdomo wake leo ili mwingine ale kesho, astahili kuulizwa na kushukuru, si kuandikiwa amri tu. Hivyo naona mimi.

Siku mbili kabla ya kurudi tulikwenda Kilindoni kumtafuta potwe. Huonekana karibu na pwani ile hasa tangu Oktoba mpaka Machi. Ni papa, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, aweza kupita mita 12. Lakini hali watu wala samaki wakubwa. Hula uduvi na vijidudu vya majini, akifungua kinywa chake na kuyachuja maji. Potwe mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na watoto wapata 300 tumboni. Huko Kenya humwita papa shilingi, nao husimulia ya kuwa Mungu alipomwumba alipendezwa naye, akamtupia shilingi mgongoni, na zile ndizo alama zake nyeupe.

Kwake hatukuchukua mitungi. Tuliingia kwa miwani tu. Maji yalikuwa mazito kwa uduvi, ya kijani, kama ya ziwa letu. Sikuona kitu. Hofu yangu ya zamani ikarudi yote kwa mara moja, nami nalikuwa nimekwisha kuigeukia mashua, ndipo ukuta ukapita chini yangu. Kwanza kinywa, kipana kama mlango wa boma, kisha madoa, na madoa, na madoa, hata nikafikiri hana mwisho; kisha mkia, ukienda polepole kulia na kushoto. Alikuwa na urefu wa mita 7 hivi. Hakunitazama. Nikasahau kuogopa, na kwa kweli nalisahau na kamera, mwenzangu akanipiga bega.

Picha itakiwayo si ya uso wake. Ni ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kwa kuwa madoa ya mahali hapo hayafanani kwa potwe wawili, kama alama za vidole vya watu. Na hapa pana ajabu iliyonipendeza kuliko zote. Ili kuyalinganisha madoa hayo, wataalamu walichukua hesabu iliyotungwa mwaka 1986 kwa kulinganisha picha za nyota za mbinguni, wakaigeuza mwaka 2005 itumike kwa samaki huyu. Kwa njia hiyo wamewatambua potwe zaidi ya 100 wa Mafia, na kujua ya kuwa wengi wao hawaendi mbali. Wakati wasipoonekana huwa wamekwenda kilindini kidogo tu. Picha yangu ilikuwa na ukungu, lakini madoa yalisomeka. Kesho yake mwenzangu akaniambia ya kuwa potwe yule alikuwa amekwisha kuandikwa. Alipigwa picha mahali pale pale miaka kadhaa kabla yangu. Yu hai.

Nalirudi Nyambureti Januari, shule zikafunguliwa. Nikawaonyesha watoto picha, na sijapata kuona darasa limenyamaza vile. Mvulana mmoja aliuliza ni nani amchungaye potwe. Mama sikumwambia neno, kama nilivyoahidi. Lakini watoto hawakuahidi kitu. Walikwenda mbio mpaka kwa bibi, wakamweleza yote. Jioni akaniita.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwekea picha mezani, zile nilizozichapisha mjini. Alizitazama moja moja. Juu ya potwe aliuliza, "Huyu hula watu?" Nikasema, "Hapana, Mama, hula uduvi." Akamweka kando. Kasa, pono, mkunga, akawaweka kando. Akashika picha moja ambayo nalitaka kuitupa, kwa kuwa haina samaki. Kamera ilijipiga yenyewe nilipokuwa nikipanda, na hakuna humo ila buluu na jua likishuka kwa juu, vipande vipande.

"Hapa ni chini?"

"Ni chini, Mama. Mita 8 hivi."

"Kuna mwanga."

"Upo, Mama."

"Na ziwani?"

Ndugu zangu, nalitamani kusema ndiyo. Lakini yeye hakunilea niseme uongo, nami nalijua jinsi maji ya Nyanza yalivyo karibu na pwani. Nikasema, "Maji ya ziwa si meupe kama haya, Mama. Mwanga hauendi mbali. Lakini karibu na juu, upo."

Akakaa na ile picha mpaka taa ikataka mafuta. Kisha akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaenda kulala. Siku ya gulio alinipa fedha nimnunulie samaki. Sikumwuliza sababu. Nalileta sato wawili, akawapaa magamba mwenyewe, akawapika kwa nyanya na vitunguu, tukala na ugali wa mtama, sisi sote wa nyumbani.